Anko alisema nazurura na gari lake, kumbe ni baridi inayomaliza mafuta

Admin, tafadhali jina langu libaki kwako tu. Watu wa kanisa letu wamo humu, na wengine hukomenti kila siku.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba. Naishi Hounslow, huku Uingereza, na Mama, mdogo wangu, na mume wa Mama ambaye mimi humwita Anko. Nilisoma Nakuru mpaka darasa la sita ndipo Mama akanileta huku, kwa hivyo Kiingereza changu ni cha shule lakini hasira bado hunijia kwa Kiswahili. Si mtu wa kuongea. Nikiulizwa kitu mbele ya watu nacheka tu kijinga. Nadhani Anko alilijua hilo vizuri.

Gari nyumbani ni moja, la Anko. Hulipeleka kazini uwanja wa ndege, mwendo wa dakika kumi na kitu, na Jumanne na Alhamisi Mama hulichukua kwenda kuhudumia wazee majumbani kwao. Baridi ilipoingia, Anko akaanza kulalamika. Tanki lililokuwa likifikisha wiki mbili sasa halifiki, mshale wa mafuta umelala. Na mimi ndio kwanza nilikuwa nimepata leseni ya kujifunzia, nimefundishwa kuendesha mara tatu tu. Basi akajumlisha mwenyewe.

Jumamosi moja watu wa maombi walikuwa wamejaa sebuleni kwetu, akasimama. "Ndugu zangu, mniombee na hii nyumba. Huyu msichana mnayemwona mpole, nikilala anachukua gari langu anazurura na vijana." Nikacheka, kile kicheko changu cha woga. Mama mmoja akapiga makofi: "Ehe, anacheka! Kumbe huyu kimya ndiye dereva wetu!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo vijana wa kanisa hunisalimia, "Dereva, leo unatupeleka wapi?" Na Mama akanikatiza masomo ya udereva. Hakuniuliza kama ni kweli. Hilo liliniuma kuliko yote.

Nilimwendea mwalimu wetu wa fizikia, nikajifanya nina swali la mtihani. Akaniambia injini ikiwa baridi hula mafuta mengi, na safari fupi huisha kabla haijapata moto. Hewa ya tairi husinyaa kwa baridi, na tairi likilegea gari huenda kwa shida. Chochote kilicho juu ya paa hushika upepo. Nilimsikiliza huku namwona Anko. Kila asubuhi huliwasha gari akaliacha nje likinguruma dakika ishirini na tano ili barafu iyeyuke kiooni, yeye yuko jikoni anakunywa chai. "Gari ni kama mtu," husema, "huwezi kulitoa kitandani ulikimbize." Vyuma vya kubebea mizigo vilikuwa bado juu ya paa tangu tulipobeba godoro la mtu mwezi wa nane. Na tairi, sijawahi kumwona akizitia upepo.

Nikaamua kujisafisha. Nilitia tairi upepo kwa pampu ya mguu, nikifuata kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nikamwomba Mama tukafungua vile vyuma. Jioni nilifunika kioo kwa kadibodi, na asubuhi na mapema natoka na glavu nikwangue barafu iliyobaki, ili Anko akitoka aondoke tu. Wiki mbili zikaisha, mafuta bado yapo. Nikangoja samahani.

Jumamosi akasimama tena. "Bwana asifiwe! Tangu nianze kulala na funguo chini ya mto, mafuta yanakaa. Na msichana ametubu, hata kioo ananikwangulia!" Wakapiga vigelegele. Yule mama akanikumbatia: "Mungu hamtupi mtoto, Dereva."

Hapo roho yangu ikageuka. Niliacha kukwangua, akarudia kuacha gari lingurume. Kisha nikaanza kupunguza upepo, kidogo kidogo, tairi zote nne. Jumatatu na Jumatano jioni nilijaza tena, kwa sababu kesho yake ni zamu ya Mama. Sijawahi kufurahia kitu kama uso wa Anko siku aliporudi mshale umelala na funguo ziko mfukoni mwake. "Hii ni nini sasa? Hii ni nini?" Mimi nakula ugali wangu. Nilitamani aendelee kuuliza mpaka sauti imkauke.

Lakini alimgeukia Mama. "Ni wewe unampa funguo." Hawakuongea siku tatu. Na Jumatano iliyopita nilirudi nimechoka, nikasahau kujaza. Alhamisi Mama akateleza na gari kwenye kona, akagonga ukingo wa barabara. Hakuumia. Aliingia akicheka, "Leo barafu ilitaka kunimaliza," ila kikombe cha chai kilimponyoka. Nilitoka nikatia upepo saa hiyo hiyo, na sijapunguza tena.

Hasira lakini haijatoka. Jumamosi hii maombi ni kwetu. Nina daftari nililoandikia kila kitu: siku, mshale ulipo, dakika alizoacha injini ikiwaka, hata siku nilizopunguza upepo. Nataka nisimame niwasomee wale wale walionicheka, Anko atafute pa kuweka macho. Nataka aniombe msamaha akiwa amesimama, mbele yao. Lakini nikisoma yote, Mama atajua ni nani alimtelezesha. Nikiruka ukurasa wa tairi, nitakuwa nadanganya mbele ya watu, vile vile kama yeye. Nikimwambia Anko pembeni, atalimeza, na mimi nibaki Dereva.

Ndugu zangu, msiniandikie "samehe tu", bado sijafika huko. Nishikeni mkono kabla ya Jumamosi: nimfungulie nani kwanza hili daftari, wale watu au Mama?