Nkwabi na Ng'ombe Sifuri wa Dutwa

Siamini bado. Asubuhi simu imeita kutoka Lamadi, naambiwa Nkwabi hatunaye, nami nikajibu "sawa, asante" kama niliyepigiwa na fundi bomba. Sijielewi kabisa jamani.

Wengi mlimjua akiuza dagaa. Mimi nilimjua akiwa programmer, hapa Bariadi, soko huria ndiyo linaingia, boss wetu kafungua duka la dawa za mifugo na kununua kompyuta. Watu walikuwa wanapita kuichungulia tu!

Nkwabi alijifunza kwa kitabu kisicho na jalada. Akaandika program ya kuagizia chanjo: jina la mfugaji, kijiji, idadi ya ng'ombe.

"Dada Kabula," aliniambia, "ukichapa kumi, hii mashine inaona maandishi tu. Nakagua kwanza kama ni namba, ndipo naigeuza namba ya kujumlishwa." Kama si namba, kioo cha kompyuta kinaandika RUDIA.

Sasa Msukuma gani atakutajia idadi ya ng'ombe wake?

Mimi ndiye niliyekuwa nachapa maagizo, na mzee mmoja wa Dutwa nilimuuliza mara tatu. "Wapo wapo, mwanangu. Ng'ombe unawahesabu ili iweje, unataka wafe?" Nikachapa "wapo". RUDIA. Foleni imefika barabarani, Nkwabi kasafiri kwenda Lingeka.

Nilishamwona anavyofungua program. Nikaifungua, nikafuta mistari yote ya kukagua. Ikapokea kila kitu! Nilijiona mjanja kweli.

Kumbe neno lisilo namba, kompyuta ile inaligeuza sifuri. Chanjo ikaagizwa kiduchu, wazee wa Dutwa wakarudi mikono mitupu, na ng'ombe wakafa. Wengi.

Boss alimfukuza Nkwabi mbele ya watu. Nkwabi akasema, "Program ni yangu, kosa ni langu." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimenyamaza.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Alijua? Lazima aliifungua akaona mistari haipo. Mbona miaka yote hii ananiletea dagaa, anatania wanangu, hajaniuliza hata siku moja?

Jumapili iliyopita alinipigia. Neno lilinifika mdomoni, nikaishia kuulizia mvua.

Nkwabi, ile mistari niliifuta mimi. Nasema mbele ya watu, kama ulivyofukuzwa mbele ya watu. Nimechelewa, na naona aibu.

Lala salama, ndugu yangu. Program yako ilikuwa sahihi.