Mama mkwe alivyokizungusha kipima upepo Nambilanje

Wakuu, kwema humu ndani?

Juzi nimepita kwenye uzi mmoja, mdau anauliza kwa nini huku kusini hatuletewi mitambo ya upepo wakati upepo ni wa bure. Nikataka kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Bora niwape kisa chenyewe. Chumvi sitaongeza, maana mke wangu naye anasoma humu, nikidanganya ataniumbua hapa hapa.

Ni kirefu kidogo. Mwenye ugali jikoni akauangalie kwanza.

Mimi kwetu Singida. Waliofika Singida wanajua, ukianika shuka bila kulibana unaenda kuliulizia kwa jirani. Nililetwa Nachingwea miaka ya tisini nikiwa fundi wa pampu za maji, kijana, nywele bado zipo kichwani. Pale ndipo nilipompata Zuhura, binti wa Nambilanje upande wa Ruangwa, aliyekuja mjini kuuza ufuta kwa shangazi yake. Nikaoa.

Halafu likaja zoezi la kupunguza wafanyakazi. Wakubwa humu mnalikumbuka vizuri. Jina langu lilikuwemo.

Tukahamia Nambilanje, kwa mama yake.

Kwa wasiojua mila za huku: mwanaume ukioa unaenda kukaa kwao mke. Mwenye sauti ni mjomba. Kwetu ni kinyume kabisa, na kaka zangu waliposikia nimehamia ukweni waliniandikia barua nzima ya kunicheka, wakaniongeza na ya pili.

Mama mkwe wangu, Bi Asumini, alikuwa mjane. Wanawe wa kiume wote walishaenda kukaa kwa wake zao, kama mila inavyotaka. Aliyebaki naye ni Zuhura peke yake, na mjukuu wake, binti yetu mdogo Mwanahawa, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa.

Mila nyingine, na hii muishike: mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamkai mkeka mmoja, hamtazamani usoni. Ukimwona anakuja njia hii, wewe unachepuka ile. Ukiwa na neno unampa mkeo apeleke. Mimi na Bi Asumini tulikaa kiwanja kimoja miaka mitatu, na hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu, tena yeye akiwa ameelekea ukutani.

Tuendelee.

Shida ya kijiji ilikuwa maji. Kisima kipo bondeni, wanawake wanatoka alfajiri kuwahi foleni. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili likaja shirika moja (jina mniachie) likasema linaweza kutuletea pampu ya upepo. Mnara wa chuma, mapanga juu, maji yanavutwa bila dizeli. Kijiji kichangie sehemu yake kutoka kwenye korosho za msimu.

Lakini kwanza upepo upimwe mwaka mzima.

Injinia wao alikuwa dada mmoja mwembamba anayetembea haraka haraka. Akasimika nguzo kwenye uwazi, nyuma ya mikorosho ya mjomba wake Zuhura. Haikuwa ndefu, mtu akipanda juu ya kitu anaifikia. Juu kuna vikombe vitatu vinavyozunguka, chini yake kiboksi chenye namba, kama zile za kwenye gari zinazohesabu kilomita. Upepo ukipita, namba zinapanda.

Kazi ya kusoma namba asubuhi na jioni nikapewa mimi. Na ahadi juu: mtambo ukija, fundi wake ni mimi.

Mjomba Selemani, mzee asiyependa kutoa hela yake kizembe, akamuuliza Injinia kwa nini mwaka mzima. Upepo si unauona?

Injinia akamjibu vizuri sana, nakumbuka mpaka leo. "Mzee, mnara bei yake ni ile ile, upepo uwepo usiwepo. Chuma kile kile, saruji ile ile, lori lile lile kutoka Dar. Na upepo ukipungua nusu, nguvu haibaki nusu, inabaki moja ya nane. Tukikosea kidogo kwenye kupima, mtakosea sana kwenye kulipa."

Mjomba akatikisa kichwa, akakubali.

Kabla hajaondoka Injinia akanivuta pembeni. "Fundi, hii usiiguse, na asiiguse mtu. Data ikichezewa, mwaka wote tunautupa." Nikasaini kwenye daftari.

Jioni moja nimekaa barazani na Zuhura, nikamwambia ukweli wangu. Upepo ukishindwa hapa, mimi nitakuwa sina cha kunishika. Tutafunga mizigo twende Singida, tukaanze upya kwa kaka zangu.

 Zuhura aliendelea kuchambua mchele.

Niliongea kwa sauti ya kawaida tu. Jiko la mama yake lilikuwa hapo pembeni, ukuta wa fito, na moshi ulikuwa unatoka. Sikulifikiria hilo.

Ukafika msimu wa salfa.

Wasiojua korosho: mikorosho inapulizwa unga wa salfa dhidi ya ugonjwa wa ukungu. Unapulizwa alfajiri, kabla jua halijachangamka, kwa sababu unataka hewa iliyotulia kabisa na majani yenye umande. Upepo ukiwepo, umempulizia jirani. Kwa hiyo mkulima wa korosho anaijua saa isiyo na upepo kuliko mtu yeyote.

Asubuhi hiyo nilikwenda kumsaidia Mjomba Selemani na mashine yake. Kumeshapambazuka, unaona vizuri. Ule unga ulikuwa umesimama juu ya mikorosho, hauendi kulia, hauendi kushoto. Mjomba kafurahi, anasema leo salfa haipotei hata kijiko.

Nikageuza macho kule kwenye nguzo.

Vikombe vinazunguka.

Wakuu, nilishtuka. Unga umesimama, majani yamesimama, vikombe vinakimbia! Nikajua kifaa kimeharibika, na kazi yangu imeharibika nacho. Nikatoka mbio kupitia kati ya mikorosho.

Nilipokaribia nikaona ndoo imepinduliwa chini ya nguzo. Juu ya ndoo kasimama Bi Asumini, khanga kaifunga kiunoni, mkono mmoja kashika nguzo, kidole cha mkono mwingine kinasukuma vikombe. Anasukuma, midomo inacheza. Alikuwa anaomba.

Sasa fikirieni hali yangu. Kumwita siwezi. Kumtazama kasimama vile ni aibu. Nikajibanza nyuma ya mkorosho, mtu mzima na ndevu zangu, nikachuchumaa.

Ndoo ikayumba. Moyo wangu ukayumba nayo, maana mama yule alikuwa na nyonga mbovu, akiinuka tu sharti ashike kitu. Akajiweka sawa, akasukuma tena kama dakika kumi hivi. Kisha akashuka taratibu, akajitwisha ndoo yake tupu, akaelekea kisimani. Nyayo zake pale chini zilikuwa nyingi, za siku nyingi.

Nilijua papo hapo kwa nini. Nikaukumbuka ule moshi wa jikoni.

Nilipobaki peke yangu nilisimama nikafanya alivyofanya yeye. Nikazungusha kwa kidole dakika kumi, nikiangalia namba. Zilisogea kidogo mno. Nikapiga hesabu kwa kijiti mchangani, asubuhi zote, miezi yote. Mkono wa mama mkwe wangu haukufika hata upepo wa mchana mmoja.

Nilicheka. Halafu nikakaa chini nikalia, sioni haya kusema. Mimi nilidhani ananivumilia tu, kwa ajili ya binti yake.

Sasa nifanyeje? Nikinyamaza, namba hazijaharibika sana. Lakini nimesaini, na kijiji kinataka kutoa jasho lake kwa kuamini daftari langu. Nikisema, namwaibisha mama mtu mbele ya watu. Na huku kila asubuhi anapanda juu ya ndoo.

Nikaanza na ndoo.

Kulikuwa na kigoda chake jikoni, cha mninga, kizito, hakiyumbi. Kesho yake nikatangulia mapema, nikakiweka chini ya nguzo, nikaondoka.

Niliporudi saa moja kusoma namba, kigoda hakipo. Nilipofika nyumbani nikakikuta jikoni pale pale pake, kimeoshwa.

Siku tatu zikapita. Hata salamu yake ilipungua. Siku ya nne Zuhura akaja amebana kicheko na machozi kwa pamoja. "Mama anasema kigoda kakiona. Anauliza, utamshtaki?"

Nikamwambia, "Mwambie mimi niliogopea nyonga."

Zuhura akapeleka. Nikasikia jikoni mtu anapenga kamasi.

Injinia alipokuja mkutano ukaitwa, mbele ya ofisi ya kijiji. Nilikuwa sijalala vizuri. Nikasimama nikasema daftari lina kasoro. Kuna mkono umegusa vikombe alfajiri, ni mkono wa nyumbani kwangu, na niliyepewa dhamana ni mimi, kwa hiyo nibebeshwe mimi. Jina sikutaja.

Minong'ono. Injinia uso umemkaza. Mjomba Selemani ananitazama kama nimemwibia.

Upande wa akina mama mtu akainuka. Kajifunika khanga mpaka kwenye nyusi, kageukia pembeni asinitazame.

"Ni mie," akasema Bi Asumini. "Nkwe wangu asisumbuliwe, hana kosa."

Injinia akamuuliza kwa upole, kwa nini, bibi?

"Mie nilisikia upepo ukikosekana anaondoka na ntoto wangu. Na upepo hamna. Mie naujua. Upepo wetu ni wa kupetea ufuta, unakuja mchana, unapeta debe zako, unakwenda zake. Kuvuta maji hauwezi. Sasa nifanyeje? Nikausaidia."

Hakuna aliyecheka. Akina mama walianza kupangusa macho kwa pembe za khanga.

Mimi kumjibu moja kwa moja siwezi, mila hairuhusu, tena mbele za watu. Nikamgeukia Injinia, nikapaza sauti ili ifike inakotakiwa. "Injinia, naomba uandike na hili. Upepo uwepo usiwepo, fundi haondoki Nambilanje."

Injinia akaandika kweli. Niliona kalamu yake ikitembea.

Bi Asumini akakaa chini.

Mwaka mzima haukutupwa. Injinia alinipigisha hesabu yangu ya kijiti upya, akaona mkono ule haukubadili kitu, akatuongezea miezi ya kupima, kigoda kikiwa jikoni. Majibu yakaja vile vile alivyosema mama. Upepo wa mchana, wa miezi michache, na kiangazi kikikolea, maji yanapotakiwa zaidi, vikombe vinalala. Mnara ungesimama pale kama pambo, na korosho za watu zimekwenda.

Tukaletewa pampu ya mkono, gharama yake ndogo, vipuri vyake naviweza. Fundi ni mimi. Mshahara si ule wa kwenye ahadi, kijiji kinanilipa kinavyoweza, kuna mwezi ni mihogo. Kaka zangu wameshaandika barua ya tatu.

Sasa mdau wa ule uzi, jibu lako ndilo hilo. Upepo ni wa bure, mnara si wa bure. Pimeni, tena kwa uaminifu, na kabla ya kupima kaulizeni wanaopeta ufuta, wanajua mengi na hawatozi posho. Sisemi kusini kote hakufai, labda kuna miinuko inafaa, wataalamu mtusaidie. Mimi nasema pa kwetu.

Lakini somo langu mwenyewe si la upepo. Nilikaa miaka mitatu nikijiona mgeni kwenye kiwanja ambacho kuna mtu alikuwa anapanda juu ya ndoo kila alfajiri ili nisiondoke.

Bi Asumini bado yupo, amezeeka, nyonga imekataa kabisa. Mwanahawa ndiye anayembebea kigoda mpaka pale kwenye pampu, anakaa kupiga soga na wenzake. Nikipita na spana zangu anageukia pembeni kama kawaida, mila ni mila.

Ila juzi nilipopita, bila kunitazama, alinyoosha kidole hewani akakizungusha mara moja.

Karibuni kwa maoni. Matusi weka pembeni, wataalamu wa upepo mnisahihishe, na wewe unayesoma kimya kimya tuambie: kwenu nani alipanda juu ya ndoo kwa ajili yako, na ulimwona?