Wakwe Niliowafungia Geti Siku ya Mechi

Nilisafiri kutoka Mtwara hadi Bukoba kwa mabasi manne, na katika miji yote niliyozurura, huo ndio ninaoukumbuka zaidi. Nilipanga chumba kwa Ma Koku, mjane anayeishi jirani na uwanja wa mpira. Siku za mechi, mashabiki husingizia undugu ili waegeshe magari uani kwake.

Jumamosi moja akaniita baba kwa Kihaya, "Tata, simama getini. Gari la mpira lisiingie, nina wageni kutoka Muleba."

Kufikia saa saba nilishafukuza wapwa wake watatu, wote wamevaa jezi. Kisha likaja gari lenye bendera ya timu, na ndani yake mzee mwenye kanzu.

"Tumekuja kuposa," akasema.

Nikacheka. "Hapa hakuna binti, mzee. Nendeni mkampose golikipa!"

Nikafunga geti, nikajisifu. Sikujua kwamba Ma Koku ana binti anayefanya kazi kule Rubya, Muleba, wala kwamba mama huyo ameisubiri posa hiyo miaka mingi.

Baada ya saa nzima Ma Koku aliwafungulia wageni waliokuja kwa miguu, gari wameliacha mbali, wametapakaa vumbi, wamebeba dumu la pombe ya ndizi. Nilipomtambua yule mzee, nikaanza kunyemelea chumbani kwangu. Ma Koku akawapa punje za kahawa za kutafuna, kama Wahaya wanavyokaribisha wageni, kisha akanishika mkono.

"Kaka yangu amekwama, barabara zimefungwa kwa ajili ya mechi. Mpangaji wangu huyu atawajibu kwa niaba yetu."

Mzee akanitazama huku akitafuna taratibu.

"Huyu hatuna haja ya kumwuliza, mama. Alishatujibu getini."