Tulivyoondoka Kilwa bila Kuaga

Wenzangu wawili waliponiambia tupande lori kabla mchezo haujaisha, nilipaswa kukataa. Nilikubali.

Tulikuwa vijana wa Mombasa, tumemaliza sekondari, na tulibeba mabegi mgongoni kwenda kuiona Tanzania na ujamaa wake. Kilwa Masoko alitupokea mvuvi wa rika letu, tukalala kwa mama yake. Asubuhi alituvusha kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Niliingia katika msikiti wa kale, nikayatazama makuba yake ya mawe ya matumbawe moja baada ya jingine.

"Mmombasa umekuwa bubu?" akanitania. "Ngoja alasiri, utaniona mimi."

Alasiri kikundi chake cha maigizo kilicheza uwanjani. Yeye aliigiza mvivu aliyefukuzwa shamba la ujamaa, na kina mama walicheka hadi wakaegemeana. Sijaona tena mchezaji hodari kama yule. Kwa desturi yao, mwishoni mgeni huitwa mbele kuamua kama mvivu asamehewe. Safari hiyo mgeni nilikuwa mimi, na mama yake alishatupikia wali.

Lori la kwenda Nangurukuru, kwenye barabara kuu, likapiga honi. "Twende, tutamwandikia," wakasema wenzangu. Nilisikia naitwa uwanjani nikiwa tayari juu ya magunia ya korosho.

Hatukumwandikia. Miaka mingi baadaye nilirudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaingia ndani, akarudi. "Yumo ndani, lakini anasema wewe hukumuaga."

Nilikaa barazani hadi magharibi. Hakutoka. Lori lile lilinigharimu rafiki, na sikupata mwingine kama yeye.