Chumvi ya Uvinza Ndani ya Elektrodi

Ipo siku moja naikumbuka kuliko siku ya mahafali yangu, mwanangu. Ilikuwa Kigoma, miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kila siku kukimbia vita, nami nimetoka chuo kikuu juzi tu, najua kila kitu. Kazi yangu ilikuwa kupima maji yaliyovutwa kutoka ziwani, kabla hayajatiwa klorini na kugawiwa wakimbizi.

Kifaa changu kilikuwa na elektrodi, kijiti cha kioo kinachochovywa majini. Ndani yake mna chemba ndogo ya maji ya chumvi maalumu, yasiyotakiwa kubadilika. Kifaa hulinganisha maji ya nje na hayo ya ndani, kisha hutoa namba: saba ni maji ya katikati, chini yake ni makali kama siki, juu yake yanaelekea magadi. Ziwa letu siku zote lilisoma karibu na tisa, na maji ya tisa huidhoofisha klorini. Kwa hiyo tulitia dawa nyingi na kusubiri sana kabla ya kufungua mabomba.

Asubuhi hiyo nikakuta chemba imekauka, na chupa ya kujazia haina kitu. Mtu mwenye akili angesubiri nyingine iagizwe. Mimi, msomi, nikarudi nyumbani Katubuka, nikachukua chumvi ya Uvinza, ile ya mabonge yenye rangi ya udongo, nikaikoroga, nikajaza. Chumvi si chumvi? Kifaa kikasoma saba. Nilifurahi kana kwamba nimelisafisha ziwa kwa mikono yangu. Nikaagiza dawa ipunguzwe na mabomba yafunguliwe mapema.

Mzee Sudi wa Kasingirima, mtia dawa wetu, alikuwa mazishini. Aliporudi nikamweleza.

"Jana tisa, leo saba," akasema. "Ziwa limehama?"

"Mzee, kifaa hakidanganyi."

"Haya. Kionjeshe na hii." Akakata ndimu aliyoiweka kwa ajili ya dagaa wake wa mchana, akaikamulia kwenye kikombe cha maji.

Nikachovya. Saba. Nikatikisa, nikachovya tena. Saba.

"Kumbe ndimu yangu ni maji matupu," akasema, bila kucheka. "Nani amekunywa?"

Hapo nikaichomoa elektrodi na kuichunguza, mwanangu. Uchafu wa chumvi ile ulikuwa umeziba kitundu ambacho maji ya chemba hupenyea, na kifaa kikawa kiziwi. Ungekichovya popote kingejibu saba. Nje kulikuwa na foleni, na kipindupindu kilikuwa kimeshaingia kambi ya jirani. Akili yangu ya chuo ikaanza kunitafutia maneno: tuseme bomba limepasuka, tuseme tunasafisha tangi.

Mzee Sudi aliyasoma usoni mwangu. "Ukisema bomba, watakunywa waliyokwisha kuteka. Kaseme maji ni mabaya. Useme wewe."

Nikaenda. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Watu walimwaga ndoo zao miguuni pangu, wakanitukana kwa lugha tatu. Mwanamke mmoja wa Kongo, mwenye mtoto mgongoni, hakutukana.

"Papa," akaniambia, "mutoto amekwisha kunywa."

Nilikwenda hemani kwake siku tano, asubuhi na jioni. Siku ya pili mtoto akaanza kuharisha. Niliketi pale nikitazama mama akimnywesha dawa kijiko kwa kijiko, na kila mtoto alipofumba macho nilihesabu pumzi zake. Siku ya tano akalia kwa njaa, kilio kikubwa cha hasira. Mama akaniambia, "Papa, wende kulala sasa." Kama aliugua kwa maji yangu au kwa jambo lingine, sijui mpaka leo. Hofu ile bado ninayo.

Nakuasa hivi, mwanangu. Kabla hujaamini kipimo chochote, kijaribu kwa kitu ambacho jibu lake unalijua. Na jibu likikufurahisha, lijaribu mara mbili. Ukikosea katika jambo ambalo wengine wamelimeza, waambie wewe mwenyewe, upesi, kwa jina lake halisi. Aibu utaimaliza ukiwa hai. Wao huenda wasipate nafasi hiyo.

Mungu akupe mkono usio na pupa na ulimi usioficha, na kila anayekunywa kutoka mkononi mwako aamke salama.