Mito ya Milango ya Gari

Ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale zilipomshinda mume wangu, tulihamia fleti huku Mbaraki, kwenye jengo lenye lifti. Mimi sikuipenda. Yeye alifurahia jambo moja tu, kwamba gari lake limepata pa kulala. Kule vichochoro havipitishi gari, alikuwa akiliacha mbali barabarani. Huku kuna pakingi chini ya jengo, ya wapangaji wote.

Furaha ile haikukaa. Magari yamebanana kule chini, na mtu akifungua mlango wake bila kuangalia, mlango unagonga gari la mwenzake. Mume wangu hakuwa mtu wa kugombana na majirani. Alipanda juu akaniambia, "Nishonee mito."

Nikashona, mirefu myembamba, nikaitia sufi na kamba. Kamba unaipitisha dirishani, unapandisha kioo, mto unaning'inia nje ya mlango. Kila akipaki aliivisha, kila akitoka aliivua. Mama mmoja wa ghorofa ya juu, mwingi wa utani, alimkuta siku moja akiifunga.

"Babu, gari lalala kwenye mito kutushinda sisi!"

"Lete na lako lishonewe," akamjibu, na mkono wake haukuacha kufunga.

Wakicheka wasicheke, gari halikuguswa.

Kisha akafariki. Sitasema zaidi ya hapo.

Nikakaa eda. Mwenye eda hatoki nyumbani, wala haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Na tanga la wanaume liliwekwa papo hapo pakingini, maana sebule yetu haienei watu. Wakaazima mikeka na mito ya kuegemea msikitini, wakatandika kati ya magari. Mimi niko juu, nawasikia wakisoma.

Nilitaka jambo moja tu. Eda ikiisha nishuke, nilikute gari kama alivyoliacha. Kanzu zake zilikwisha kutolewa sadaka, kitanda chake kikaenda kwa mtu mwenye haja. Gari ndilo lililobaki na mkono wake.

Kila asubuhi nikimuuliza binti yangu, aliyekuja kukaa nami.

"Umeshuka?"

"Nimeshuka, mama."

"Mito iko?"

"Waniuliza gari, hata hujaniuliza mimi kama nimelala."

"Sikukuuliza maneno mengi. Nimekuuliza mito."

"Gari liko salama, mama." Na huku ananipa mgongo, anakunja nguo.

Nikamwamini. Ningefanyaje?

Wageni walikuja mpaka eda inakaribia kwisha, wengi wao na magari. Nikisikia mlango ukipigwa huko chini, moyo wangu waruka. Mara mgeni yuaingia, ananikumbatia. "Pole, bibi. Mungu ampe kauli thabiti." Naitika amin, na ulimi unaniwasha nimuulize amepaki wapi. Lakini mtu aliyekuja kukuhani humuulizi hivyo. Unampa kahawa.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikabadili nguo. Wanawake wa ukoo walikuja wanitoe, twende tukazuru nyumba za watu kama ilivyo ada. Nikawaambia wangoje. Nikashuka pakingini na binti yangu na mwanangu wa kiume.

Mito haikuwepo hata mmoja. Milango ya upande mmoja ilikuwa imebonyea chini na juu, na kila palipobonyea pameacha rangi ya gari lililogonga: nyeupe, buluu, nyekundu. Kwenye mlango wa dereva mkwaruzo umekwenda mpaka kwenye bati, na kutu imeanza.

"Mito iko wapi?"

Binti yangu aliangalia sakafu. "Ilikuwa siku ya tanga, mama. Ami magoti yalimuuma, akafungua mmoja akaukalia. Wengine wakaona, wakafungua. Watu walikuwa wengi."

"Halafu?"

"Ikakusanywa pamoja na ya msikiti, ikarudishwa na mikeka. Nilikwenda kuiulizia. Imeshapelekwa kwenye tanga jingine, na jingine."

"Nawe kila siku waniambia liko salama."

"Ningekwambia ungeshuka. Nakujua. Ungevunja eda yako kwa ajili ya gari."

Kweli, ningeshuka.

Mwanangu akanishika bega. "Mama, fundi wa bodi atalinyoosha, alipige rangi lote. Hutajua kama liligongwa."

"Nitajua," nikamwambia. Likishapigwa rangi lote, alipopashika yeye pamefunikwa.

Na nigombane na nani? Shemeji yangu alikalia mto huku akimlilia ndugu yake. Ile rangi nyekundu, nalijua gari lake. Ni la yule mama wa juu, aliyeniletea uji eda nzima, akikaa nami hata uishe. Wote walikuja kwa wema, wakamuombea, na walipokuwa wakishuka kwenye magari yao kuja kuniombolezea ndipo walipoliharibu.

"Liuzeni," nikasema.

"Lini, mama?"

"Leo. Na mimi nisiwepo."

Nikawaacha wamesimama pale, nikaingia kwenye lifti peke yangu. Eda nilikuwa nimetoka asubuhi ile ile, na sikuwa tena na sababu ya kushuka.