Mawe ya Waliocheka

Ilianza Jumatano, saa tisa na nusu alasiri, kwenye benchi la zahanati huku kwetu Kiseke. Tulikaa watatu: mama, mdogo wangu wa darasa la pili, na mimi niliyetoka shule moja kwa moja na sare yangu ya kidato cha tatu.

Mdogo wangu alikuwa haendi shule, wiki ya pili sasa. Kila asubuhi akishavaa viatu tumbo linamkata, anajikunja pale mlangoni na kulia bila sauti. Ikifika saa nne, wenzake wako darasani zamani, tumbo linapona na anaomba chai na michembe, vile viazi vikavu ambavyo bibi hutuletea kutoka Kisesa.

"Tumbo la huyu mtoto lina saa ya ukutani," baba alisema.

Tulicheka, ila mama hakucheka. Malaria walipima, hamna. Choo walipima, hamna. Halafu mwalimu wake akatuma ujumbe kwamba akiendelea hivi mpaka mitihani, atarudia darasa. Ndipo daktari wa zahanati akasema, mleteni Jumatano, kuna mama huwa anakuja kuongea na watoto.

Nilitegemea mtu wa koti jeupe na maswali makali. Kumbe ni mama wa Kihindi, mtu mzima, amevaa ndala. Alizaliwa hapa hapa Mwanza, na alimsalimia mama kwa Kisukuma kizuri kuliko changu mimi. Ila mama alikuwa amekuja na hofu yake. Kwetu ukiitwa na mtu wa ofisi kwa ajili ya mtoto, maana yake mtoto kafanya utundu. Kwa hiyo akaanza kumtetea kabla hajaulizwa.

"Huyu hana shida kabisa, mama. Mtulivu. Hagombani na mtu, haombi kitu, hata kuuliza haulizi."

"Hata kuuliza?"

"Hata! Kama dada yake huyu. Wageni wakija nyumbani huwezi kujua kama kuna watoto."

Mama alisema kwa fahari. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nimesifiwa hivyo tangu nikiwa mdogo, binti ana adabu, binti mpole, na sijawahi kumwambia mtu kwamba mara nyingi si adabu. Ni woga.

Yule mama hakuandika kitu. Alimuuliza mdogo wangu kama anajua kucheza mdako. Akatikisa kichwa kukubali. Basi tukatoka wote nyuma ya jengo, kwenye kivuli cha lile jiwe kubwa ambalo zahanati imeliegemea kama nyumba nyingi za huku. Yule mama akachuchumaa, akafukua kishimo kwa kidole, akajaza vijiwe. Mdako hauna mambo mengi: unarusha kijiwe kimoja juu, na kabla hakijarudi mkononi unakuwa umeshachota vingine shimoni.

Mdogo wangu akarusha. Akachota vizuri, ila kile cha juu kikamponyoka.

"Si nilijua," akasema, akakunja mikono kwapani.

"Ulijua nini?"

"Kwamba nitakosa."

"Ulijua saa ngapi? Kilipoanguka, au kabla hujarusha?"

Mdogo wangu alifikiri. Yule mama akajipepea na ncha ya mtandio.

"Kabla."

"Na shuleni, kuna siku ulikosa hivi?"

Mimi na mama tukatazamana. Siku ipi? Hatukuwahi kusikia habari ya siku yoyote. Kumbe siku moja aliitwa ubaoni, akakosea hesabu, wakamcheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba walicheka wote, shule nzima, na kwamba hata akienda sasa watacheka tena, anajua.

"Haya, nioneshe. Vijiwe hivi ndio darasa lenu. Weka hapa waliocheka."

Akavimwaga vyote.

"Wote? Na yule unayekaa naye dawati moja?"

Akasita. Akatoa kijiwe kimoja. "Huyo alinipa kifutio."

"Sawa. Na wale wa nyuma, waliona ubao?"

Akatoa vingine. Halafu akaanza kutoa mwenyewe bila kuulizwa: huyu siku hiyo hakuja, huyu huwa analala, huyu alichekwa yeye mwenyewe kabla yangu. Vikabaki vitatu. Akaviangalia kama vile amepoteza kitu.

"Hawa walicheka kweli," akasema.

"Naamini. Na kuchekwa kunauma," yule mama akasema. "Lakini ni hawa."

Akasimama ajinyooshe. "Dada mtu, njoo unipokee, magoti yangu yamegoma."

Sikutaka. Mdako nilikuwa bingwa zamani, lakini mbele ya mtu mgeni mikono yangu inakuwa ya mtu mwingine. Nikarusha. Kijiwe kikanipiga kwenye kidole gumba kikabingirika mpaka kwenye ndala zake.

"Si nilijua," nikasema.

Mdogo wangu akaangua kicheko, kile cha zamani cha kushika mbavu. "Mama! Umemsikia dada? Na yeye!"

Sikuwa najua kama huwa nasema hivyo. Mama akasema huwa nasema kila siku, ugali ukiungua, matokeo ya mtihani yakitoka, umeme ukikatika. Hata matokeo yakiwa mazuri nasema nilijua tu nitakosa namba moja.

"Basi ni ugonjwa wa nyumba nzima," mama akasema, nusu anacheka, nusu ameogopa.

"Si ugonjwa," yule mama akamjibu. "Ni mazoea ya kuwaza. Anakosa kitu kidogo, anajihukumu kikubwa. Anachekwa na watatu, anaona shule nzima. Tumbo linauma kweli, hadanganyi. Ila tukisubiri lipone ndipo aende, litazidi kuuma."

Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Kesho asubuhi utakwenda na tumbo lako, na ukisikia kichwani ile nilijua, jiulize umejuaje."

Mdogo wangu alivikusanya vijiwe. Akanitazama mimi, si yule mama.

"Nitaenda dada akinyoosha mkono."

"Mkono upi?"

"Darasani kwako. Ulisema hujawahi kunyoosha."

Nilimwambia hilo siku moja tukifua, nikidhani hasikilizi. Wote watatu wakanigeukia. Kama ningekataa, asubuhi angejikunja tena mlangoni, na ingekuwa juu yangu.

"Sawa," nikasema.

Jioni ile nyumbani palikuwa pazuri. Mama alikaanga sato wa ziwani, baba akaambiwa habari yote, akajaribu mdako sakafuni akashindwa vibaya, na kabla hajafungua mdomo mdogo wangu akamwonya, "Baba, usiseme!"

Asubuhi tumbo lilimuuma. Alikaa mlangoni na kiatu kimoja, nikamsubiri. Akasema linauma ila kidogo, akavaa cha pili. Njiani aliuliza mara nyingi kama sijasahau. Getini kwao yule wa dawati moja alikuwa amesimama anatafuna muwa. "Ulikuwa unaumwa?" akamuuliza. "Tumbo," mdogo wangu akajibu, akaniachia mkono, akaingia.

Mimi darasani nilikuwa na jiografia, kipindi cha kwanza. Mwalimu akauliza mawe haya yote yaliyotuzunguka hapa Mwanza ni mwamba wa aina gani. Kichwani ile nilijua imeshafika. Nikajiuliza nimejuaje. Nikanyoosha mkono.

Mwalimu alitazama nyuma yangu kwanza, akidhani ni mwingine. Halafu akanirudia mimi.

"Unataka kwenda nje?"

Wachache wakacheka. Niliwahesabu kwa macho, hawakufika watano.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Nataka kujibu."

Nikasimama, nikajibu.